Bustani ya Tanga na bustani ya Lushoto: jinsi mwaka wa mimea unavyogawanyika

Pakiti nyingi za mbegu zinazouzwa madukani kwetu zina maelekezo yaliyotungwa kwa ajili ya nchi zenye theluji: otesha ndani ya nyumba wakati baridi inakaribia kwisha, hamishia nje baada ya jalidi ya mwisho, vuna kabla jalidi haijarudi. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja akimaliza kuyasoma hubaki na swali lilelile alilokuwa nalo dukani, nalo ni lini hasa apande. Kwa muda ambao nimelima mboga na maua nyuma ya nyumba yetu mjini Tanga, na kushika jembe katika bustani ya mama mkwe wangu Lushoto kila tunapokwenda kumsalimia, nimeridhika kwamba mwaka wa mmea katika nchi yetu huamuliwa na maji, upepo na kimo cha mahali. Joto hufuata nyuma ya hayo matatu, na mtu anayeanza kwa kuuliza joto atapata jibu lisilomsaidia sana.

Nianze na kimo, kwa sababu ndicho kisichobadilika. Tanga mjini tuko usawa wa bahari. Ukifika Mombo, barabara inaanza kupinda na kupanda kwa kilomita 33 hivi, inapita Soni, na kukufikisha Lushoto mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa huo. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na ushee za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo tofauti kati ya bustani zetu mbili ni nyuzi nane au tisa mwaka mzima. Nyuzi hizo ndizo zinazoifanya kabichi ifunge kichwa kigumu kule, na hapa kwetu ibaki imetawanya majani kana kwamba haijaamua la kufanya. Ndizo zinazowapa watu wa Lushoto peasi, plamu na karoti zinazoshuka kwa malori hadi Dar es Salaam, na ndizo zinazowanyima minazi. Mkoa ni mmoja na mvua zote zinatoka katika Bahari ya Hindi ileile, lakini mtu anayehamisha mche kutoka bustani moja kwenda nyingine bila kufikiria kimo ni sawa na aliyeuhamishia nchi ya mbali.

Kabla ya kuingia katika mvua, kuna jambo la jua ambalo nimeliona likiwasumbua wengi wanaojifunza bustani kwa video za kutoka Ulaya na Marekani. Huko wanasema ukuta unaotazama kusini ndio wenye jua, na ule wa kaskazini ni wa mimea ya kivuli. Tanga iko nyuzi tano kusini mwa ikweta, na kwetu jua la adhuhuri linakuwa utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 7 Machi na karibu tarehe 6 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, yaani kwa miezi kama saba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi mitano iliyobaki liko upande wa kusini. Mwezi wa Juni hulala kaskazini kwa nyuzi 28 hivi kutoka utosini, na mwezi wa Desemba hulala kusini kwa nyuzi 18. Maana yake kwa mwenye bustani ni kwamba ukuta wa urefu wa mita tatu hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu upande wake wa kusini wakati wa adhuhuri ya Juni, na kufikia Desemba kivuli hicho kimehamia upande wa kaskazini, nacho kimefupika hadi mita moja. Tuta lililo chini ya ukuta huwa na jua kali nusu ya mwaka na kivuli nusu nyingine.

Mimi hulitumia jambo hili kwa makusudi. Upande wa kusini wa nyumba, ambao Juni na Julai una kivuli cha mchana, ndipo ninapootesha giligilani na saladi wakati wa kipupwe, kwa sababu mimea hiyo ikipigwa na jua la pwani hukimbilia kutoa maua kabla haijatoa majani ya maana. Vyungu vya maua vilivyokaa upande wa kaskazini kuanzia Oktoba navihamisha Machi inapoingia, la sivyo mimea ya kivuli inaungua katika wiki ambazo mwenye nyumba anashangaa kwa nini, ilhali kila siku ameimwagilia. Wasomaji wa Mombasa, Pemba, Unguja na Dar es Salaam wanaweza kutumia tarehe hizo kwa kusogeza siku chache tu huku na huku. Asiyetaka hesabu na asimamishe fimbo wima uani saa sita kamili mchana mara moja kwa mwezi na kuangalia kivuli chake kimeangukia wapi.

Sasa masika. Mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazobeba mwaka wetu, na kwa kuwa Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ya maji hayo hushuka katika wiki chache za Aprili na Mei. Watu wengi huiona masika kuwa ndio wakati wa kupanda kila kitu. Kwa shamba la mahindi na mihogo sina ubishi nao. Kwa bustani ndogo ya mboga laini na maua, masika ni msimu wa kulinda zaidi kuliko kupanda. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Mpapai ndio unaofundisha somo hili kwa ukatili kuliko mimea yote: ukisimama katika maji kwa siku mbili tu, majani yanaanza kuwa ya njano na kuanguka, na mara nyingi mti haurudi tena. Kwa sababu hiyo mipapai yetu imepandwa juu ya vichuguu vya udongo vilivyoinuliwa kwa makusudi, na matuta yote ya mboga yameinuliwa juu ya njia kwa kimo cha kiganja na nusu, na mifereji midogo katikati inayopeleka maji kwenye migomba, ambayo haichoki kunywa.

Mvua kubwa pia hubeba mbolea. Naitrojeni huyeyuka na kushuka chini na maji hadi mahali ambapo mizizi ya mchicha haifiki, hivyo anayemwaga samadi au urea siku moja kabla ya mvua ya Aprili amelisha mtaro. Napendelea kuweka samadi iliyoiva kidogo kidogo, katika vipindi ambapo mvua imetulia kwa siku mbili tatu, na kuacha mbolea ya maji hadi Mei ya mwisho. Matandazo nayo, ambayo wakati wa kiangazi ni uhai wa bustani, wakati wa masika nayasogeza mbali na mashina, kwa kuwa yakigusana na shina lililolowa wiki nzima, kuvu huingia. Isitoshe, chini ya matandazo ndipo wanapolala konokono wakubwa. Konokono hao, ambao leo ni balaa katika visiwa vya Pasifiki na hata Florida, asili yao ni pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, na nadhani ndiyo maana hawaoni haya kula miche yangu. Dawa yake ni kutoka usiku na tochi na ndoo, mikono imevaa glavu, na kuwaokota mmoja mmoja baada ya mvua.

Kuna mimea inayoifurahia masika. Matembele hutambaa, mchaichai hunenepa, mlenda huota bila kuombwa, na vipandikizi vya karibu kila kitu hushika mizizi: asmini, bogenvilia, mnaanaa, mrehani. Nikitaka kuongeza miche ya maua nakata vijiti vya urefu wa kalamu mwishoni mwa Aprili, navipanda katika mchanga uliochanganywa na mboji chini ya kichanja cha makuti, na unyevu wa hewa unafanya kazi ambayo Januari ingenilazimu kuifanya kwa mikono kutwa mara tatu.

Kule Lushoto masika ina sura nyingine. Mvua hushuka pamoja na ukungu, jani likilowa asubuhi halikauki hadi jioni, na hapo ndipo bakajani chelewa inapopata nafasi yake. Kuvu hii, au tuseme kiumbe hiki kinachofanana na kuvu, hupenda hewa ya nyuzi 15 hadi 20 na majani yaliyolowa kwa saa nyingi mfululizo. Ndiyo iliyoangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Nyanya ya mama mkwe ikishikwa Jumatatu huwa imekuwa nyeusi kabla ya wiki kwisha. Yeye ameacha kabisa kupanda nyanya masika, isipokuwa michache aliyoiwekea paa la nailoni juu ya fito, pande zote wazi ili upepo upite, na majani ya chini ameyakata ili yasiguse udongo. Nilipomuuliza kwa nini asitumie dawa tu kama majirani, alinijibu, "Mwanangu, mvua ya kila siku inaiosha kila siku, nami sina fedha ya kuioshea milima." Nadhani hesabu yake ni sahihi. Masika yeye hupanda maharage, kabichi na vitunguu vya majani, na muda uliobaki anautumia kutengeneza makinga maji, kwa sababu kwenye mteremko wa Usambara udongo usiozuiwa mwezi wa Aprili unakutwa Mombo mwezi wa Mei.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo majira ninayoyapenda katika bustani ya pwani, na ningesema bila kusita kwamba mtu mwenye nafasi ya kulima msimu mmoja tu achague huu. Kusi huvuma kutoka baharini, usiku hupoa, udongo bado una maji ya masika, na magonjwa ya mvua yamepungua. Nyanya ndiyo inayofaidi kuliko zote. Chavua ya nyanya huharibika joto la mchana likizidi nyuzi 32 hivi, na usiku usioshuka chini ya nyuzi 22 au 23 huifanya maua yaanguke bila kufunga tunda. Hiyo ndiyo hali ya Tanga kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo sababu watu huona mnyanya mrefu, wenye afya, umejaa maua ya njano na hauna nyanya hata moja. Mbolea haitatibu hilo. Ninachofanya ni kuotesha kitaluni katikati ya Mei, kuhamisha miche katikati ya Juni, na kuanza kuchuma mwishoni mwa Agosti, kabla joto halijarudi.

Adui wa nyanya hapa chini si yule wa Lushoto. Wa kwetu ni mnyauko bakteria, unaokaa katika udongo wenye joto. Mmea uliokuwa mzima jana unanyauka mchana wakati udongo umelowa, unajikusanya kidogo usiku, kisha unalala moja kwa moja majani yakiwa bado ya kijani. Ili kuwa na hakika, kata kipande cha shina karibu na udongo, kisimamishe katika glasi ya maji safi, na usubiri dakika chache: ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza inayoufaa. Mmea ung'olewe na udongo wake wa karibu, na tuta hilo lisipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu kwa miaka kadhaa, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja. Mahali hapo mimi hupanda mahindi ya kuchoma au mchicha. Kantangaze, yule kiwavi mdogo anayechimba ndani ya majani na matunda, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 kutoka upande wa kaskazini baada ya safari ndefu ambayo asili yake ni Amerika Kusini, hatofautishi milima na pwani. Kwake njia yangu ni kuchuma majani yenye vijia alivyochimba kila asubuhi na kuyachoma, na kuziba kitalu kwa chandarua.

Kusi lina kasoro moja kwa wanaoishi karibu na maji. Linabeba chumvi. Majani ya mimea laini iliyo upande wa bahari huungua kingoni kama yaliyopitiwa na moto, na wengi hudhani ni ukame, wakaongeza maji. Kuyaosha majani kwa maji baridi asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali kunasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni kupanda mstari wa mimea inayoivumilia chumvi, kama mkadi na bogenvilia, mbele ya ile isiyoivumilia.

Wakati sisi tunasherehekea, Lushoto wanaona baridi ya kweli. Julai usiku huhitaji mablanketi, mchicha hudumaa, na mama mkwe hufanya bustani ya karoti, figili, koliflawa na njegere. Miplamu na mipeasi hupukutisha majani. Miti hii ya asili ya nchi za baridi huhitaji saa nyingi za baridi ili machipukizi yaamke kwa pamoja, na Lushoto inawapa kiasi tu, kwa hiyo aina zisizodai baridi nyingi ndizo zinazozaa. Tofaa ndilo lenye madai makubwa zaidi. Katika nyanda za juu za Java, wakulima wa matofaa huyapukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuudanganya mti kwamba majira yamepita, nao hukubali kuchanua upya. Mama mkwe alipolisikia hilo aliujaribia mtofaa wake mmoja, akapata maua, ila matunda yake sitayasifia. Agosti kule huja mvua nyepesi ambazo Wasambaa huziita mluati, na hizo huwapa nafasi ya kupanda ambayo sisi huku chini hatuna.

Vitunguu maji vinastahili neno lao peke yake, kwa kuwa vinaonyesha jambo ambalo si maji wala upepo. Kitunguu hujaza kiazi chake kwa kuhesabu urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 au zaidi, na Tanga mchana mrefu kuliko wote unauzidi ule mfupi kwa nusu saa na dakika chache tu, hivyo mbegu hizo zitakupa majani mazuri hadi uchoke kusubiri. Nunua aina za mchana mfupi, kama Red Creole au Bombay Red, na uzioteshe Aprili ya mwisho au Mei ili zikomae wakati wa ukavu, kwa maana kitunguu kinachoiva mvuani kinaoza shingo.

Vuli siitegemei. Mvua za Oktoba hadi Desemba hubadilika sana mwaka hadi mwaka kufuatana na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki: mwaka 1997 na mwaka 2019 zilishuka kwa mafuriko, na kati ya mwaka 2020 na 2022 maeneo mengi ya Afrika Mashariki yaliziona kwa shida. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla ya msimu kuanza, na ninausoma kabla sijanunua mbegu yoyote ya Oktoba. Utabiri ukisema chini ya wastani, napanda bamia, kunde na bilinganya tu, ambazo hazikasiriki haraka.

Kisha kaskazi likakaza, mvua zikakatika, na Januari na Februari zikawa ni suala la maji peke yake. Hapa hesabu ndogo inafaa kuliko hisia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuta la mboga lenye jua kutwa nzima hapa pwani hupoteza milimita tano hivi kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hiyo kila mita ya mraba inadai lita tano, na bustani ya mita 20 za mraba inadai ndoo tano za lita 20 kila siku. Kwa upande mwingine, paa la mita 60 za mraba likipokea mvua moja ya vuli ya milimita 20 linakupa karibu lita 1,000 hata ukitoa zilizomwagika, nazo ni maji ya bustani hiyo kwa siku kumi. Mtu aliyefanya hesabu hii hununua mfereji wa bati na tangi kabla ya kununua mche wa waridi. Pia hupunguza bustani: kuanzia Desemba nusu ya matuta yangu hayana kitu isipokuwa matandazo mazito, na nguvu zote ninazielekeza kwenye nusu iliyo karibu na bomba.

Matandazo bora ya pwani ni makumbi ya nazi, ambayo watu huyachoma. Yakikatwakatwa na kulowekwa usiku mmoja hushika maji kwa siku nyingi, na hayaliwi haraka na mchwa kama nyasi. Kwa pilipili na matango nafukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi hadi shingoni, nakijaza maji na kukifunika. Maji hutoka polepole kupitia kuta zake na mizizi huja kuyafuata. Ninamwagilia alfajiri, kwa wingi na kwa nadra, kwa kuwa maji kidogo ya kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu ambapo jua la saa sita litaikuta. Utitiri mwekundu, ambao hujaa chini ya majani hewa inapokuwa kavu, huuchukia sana mkono unaorusha maji kwa nguvu upande wa chini wa jani.

Maua ya kiangazi yana tabia zake. Asmini hupenda joto, na kaskazi ndilo linaloijaza vikonyo. Ninaikata matawi mara maua ya mkupuo mmoja yanapokwisha, naipa samadi na maji mengi, na baada ya wiki chache huwa na vichipukizi vipya vyenye maua nchani. Vikonyo huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba ili vifunguke usiku nyweleni au kitandani. Bogenvilia ni kinyume chake: ukiipa maji ya asmini itakulipa majani matupu, na ukiisahau wiki mbili inawaka rangi. Mkilua, ambao ni mti wa misitu yetu ya pwani wenyewe, unadai kivuli na udongo wenye majani yaliyooza, hivyo nimeupanda chini ya mwembe, na jua la moja kwa moja haulipati hata Februari.

Bado udongo. Sehemu kubwa ya ukanda wetu karibu na bahari imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye chokaa nyingi, na chokaa huifungia madini ya chuma. Mndimu unaotoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani haulii maji. Unalia chuma, na samadi nyingi pamoja na mboji huufaa kuliko majivu, ambayo yangeongeza tatizo. Udongo wa Lushoto ni wa uchachu. Majivu ya jikoni kule ni dawa, na haidrenjia zilizo mbele ya nyumba nyingi za zamani ni za buluu kwa sababu uchachu huachilia alumini inayoipa ua rangi hiyo. Niliwahi kupewa mche wa haidrenjia niushushe Tanga. Nimeutunza kwa adabu, una majani mapana, na sitarajii ua, maana mmea huo huumba vichipukizi vya maua usiku ukiwa wa baridi.

Safari ya kinyume imefanywa na mmea mmoja wa kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya, alikusanya huku Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwao, na Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akalipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ukilitazama katika msitu wa Usambara Mashariki unaelewa masharti yake yote bila kitabu: linakaa juu ya mwamba wenye kuvumwani, kivulini, karibu na kijito, mizizi yake mifupi imeshika tope jembamba ambalo maji hupita na hayatuami. Wanaolifuga mbali wameiga hayo kwa chungu kidogo, mwanga usio wa moja kwa moja, na maji ya uvuguvugu yanayowekwa chini, kwa kuwa tone la maji baridi juu ya jani huacha doa. Sisi tulio karibu nalo tunaweza kulifuga barazani upande wenye kivuli, mradi tukumbuke kulihamisha jua linapovuka utosi. Miche inunuliwe kwa wauza maua waliozalisha kwa majani, na ile ya msituni iachwe, maana makazi yake yamebaki machache.

La mwisho ni mbegu, ambazo pwani huzimaliza kimyakimya kabatini. Joto na unyevu ndivyo vinavyozizeesha: kila nyuzi tano unazopunguza katika joto la kuhifadhia, uhai wa mbegu huongezeka karibu maradufu, na kuzikausha vizuri hufanya vivyo hivyo. Zangu nazianika kivulini, nazitia katika chupa yenye mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, nafunga kwa nguvu, na kuzipeleka Lushoto kwa mama mkwe, ambaye kabati lake lina nyuzi nane pungufu kuliko langu. Mbegu za nyanya hurudi zikiwa nzima hata baada ya miaka kadhaa. Za vitunguu sizipeleki, kwani hata mlimani hazidumu sana zaidi ya mwaka mmoja. Hizo nanunua mpya kila Machi, na mwaka huu nitanunua pakiti ndogo.